Kuni za Ugenini

Marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipika kwa kuni tangu siku aliyoolewa hadi wiki aliyolazwa hospitali asitoke tena. Jiko letu lilikuwa uani, la mawe na chokaa, lenye mlango mfupi na kidirisha kimoja ambacho nusu yake ilizibwa na rafu ya vyungu. Kuni zetu zilikuwa za mvinje, mara nyingine za mkoko zilipopatikana, na vifuu na makumbi ya nazi vya kuwashia. Sisi watoto tulimjua mama kwa kikohozi chake kabla hatujamwona. Tulipomwuliza alijibu, "Ni moshi tu, wanangu." Daktari aliyemtazama mwishoni aliniuliza kama mama alivuta sigara kwa miaka mingi. Mama hakuwahi hata kumshikia mtu sigara yake.

Tangu hapo niliuchukia ukuni. Nilipopata nyumba yangu nilipika kwa gesi, na mtungi ulipokwisha kabla ya mwisho wa mwezi tulikula mkate wa duka kwa chai iliyotoka kwa jirani. Marehemu mume wangu alinitania kuwa nauogopa ukuni kama watu wanavyomwogopa nyoka. Huenda alisema kweli. Hata chuoni, tulipohifadhi Suratul Masad, mke wa Abu Lahab aliyetajwa kwa kubeba kuni mimi nilimfikiria akikohoa.

Basi waza, ndugu msomaji, hali yangu mwezi wa Januari 2025, nilipotoka katika joto la kaskazi hapa Mombasa nikaenda kumtazama binti yangu katika mji wa Burlington, jimbo la Vermont, kaskazini mwa Marekani karibu na mpaka wa Kanada. Mji wenyewe si mkubwa, watu wake hawafiki hamsini elfu, nao umelala ubavuni mwa ziwa refu liitwalo Champlain. Nilipowasili ukingo wa ziwa hilo ulikuwa barafu. Mkwe wangu alinipokea uwanja wa ndege na koti linalofika vifundoni, akaniambia, "Mama, karibu. Umefika katika mji wa kwanza Marekani kutumia umeme usiotokana na makaa ya mawe wala mafuta." Alisema kwa fahari ya mtu aliyejenga mji huo kwa mikono yake.

Nikamwuliza umeme huo unatoka wapi, maana jua sikuliona.

"Sehemu kubwa kwa kuni, mama."

Nilicheka mpaka machozi yakaniganda kopeni. Nimevuka bahari na bara, nimeketi saa nyingi angani, kumbe naufuata ukuni ule ule.

Lakini aliyoyasema yalikuwa kweli, na siku chache baadaye alinipeleka nikajionea. Kituo hicho cha umeme huitwa McNeil, kiko bondeni kando ya mji, na kimefanya kazi tangu 1984. Zamani mji ulitegemea kituo cha makaa ya mawe kilichokuwa ufukweni mwa ziwa. Hicho kilifungwa 1986, na hata leo mifupa yake ya chuma imesimama pale pale, watoto hupiga picha chini yake. McNeil huunguza vibanzi vya miti: matawi, vilele na magogo yasiyonyooka, yale yanayobaki baada ya wakataji kuchukua mbao nzuri. Kikifanya kazi kwa nguvu zake zote hula tani 76 za vibanzi kwa saa moja na kutoa megawati 50. Vibanzi vingi huletwa kwa treni kutoka mji mdogo wa Swanton, ili malori yasiwasumbue wakazi. Niliiona milundo yake kutoka barabarani. Ilikuwa mirefu kuliko nyumba, nayo ilitoa mvuke katikati ya theluji kama sufuria ya wali iliyofunuliwa.

Kuni peke yake hazikutosha. Mji ulinunua umeme wa mitambo ya upepo iliyo vilimani, ukaweka vioo vya jua juu ya mapaa, na mwaka 2014 ukanunua kituo kidogo cha umeme wa maji katika mto Winooski. Kwa hicho hesabu ikatimia. Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba idara ya umeme ni mali ya mji wenyewe, na imekuwa hivyo tangu 1905. Wakazi hupiga kura kuamua kama mji ukope fedha za kujenga mtambo au usikope. Nilikumbuka ile hadithi ya Mtume wetu (s.a.w.) isemayo kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Maalimu wetu alipotusomesha hadithi hiyo tulidhani moto ni kijinga cha kuombana mlangoni. Pale nikaona moto wa mji mzima unaoshirikiwa, na daftari lake la hesabu liko wazi kwa kila mkazi.

Hata hivyo msidhani watu wa huko wamekubaliana. Mkwe wangu mwenyewe hubishana na wafanyakazi wenzake. Wapo wanaosema kwamba kituo kile ndicho dohani inayotoa hewa ya kaboni kuliko nyingine yoyote katika jimbo zima, na kwamba robo tu ya nguvu iliyomo katika ukuni hugeuka umeme, sehemu kubwa ya iliyobaki ikipotea kama joto angani. Wenzao hujibu kuwa mti ukikatwa mwingine huota, na kwamba maofisa wa misitu hukagua kila shamba linalovunwa. Mimi naona wote wana hoja, ila mti hauoti kwa kasi ya moto. Kwetu tumeliona hilo katika mikoko ya Tudor.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitambua mpaka nilipokaa nyumbani. Mji ule husifiwa kwa umeme, lakini nyumba zenyewe nyingi hupashwa joto kwa gesi ya bomba. Umeme uwashao taa ni wa miti, upepo na maji. Joto litokalo sakafuni ni la gesi iliyochimbwa mbali. Nikawaza kwetu. Nasi sehemu kubwa ya umeme wetu hutoka katika mvuke wa ardhini kule Olkaria, katika mabwawa ya mto Tana na katika upepo wa Turkana, na nyaya zake hupita juu ya mapaa yetu hapa pwani. Chini ya mapaa hayo sufuria ziko juu ya makaa.

Nyumba waliyopanga binti yangu na mumewe ni ya mbao, ya zamani, katika mtaa wa watu wa kipato cha kawaida. Sebuleni mwenye nyumba aliacha jiko la kuni la chuma, zito, lenye mlango wa kioo na bomba la moshi linalopanda hadi darini. Nyuma ya nyumba, chini ya kibanda kisicho na kuta, zilipangwa kuni, na nyingine zilirundikwa nje kando ya ua. Siku ya kwanza tu binti yangu aliniambia, "Mama, jiko hili hatuliwashi. Mtoto ana pumu." Mjukuu wangu ni wa miaka sita. Nilimjibu kwamba kwa hilo asiwe na wasiwasi, hakuna mtu duniani asiyetaka kuwasha kuni kuliko mimi.

Usiku mmoja wa Februari, siku chache kabla ya Ramadhani, theluji ilianguka tangu Alasiri na upepo ukazidi. Binti yangu alikuwa kazini zamu ya usiku. Mkwe wangu ni dereva wa lori, na alikuwa jimbo jingine. Yapata saa nne umeme ulikatika. Niliwasha tochi ya simu nikadhani nitavumilia giza, maana sisi giza tumelizoea. Sikujua kwamba tanuri la gesi lililo chini ya nyumba haliwezi kufanya kazi bila umeme, kwani umeme ndio uwashao cheche na kuzungusha feni inayosukuma joto. Saa sita nyumba ilikuwa baridi kiasi kwamba pumzi zetu zilionekana. Nje ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Nilimvisha mtoto nguo zote zilizokuwapo, nikamlaza kifuani, naye akatetemeka vile vile.

Nikalitazama jiko la chuma.

Nitasema ukweli wote, kwa kuwa nimekusudia kuandika ukweli. Ningeweza kumpigia binti yangu simu na kumwuliza. Ningeweza kumgongea jirani, mzee aishiye peke yake nyumba ya pili, ambaye kila asubuhi alitusafishia njia bila kuombwa. Sikufanya hivyo kwa sababu moyoni nilijiambia: mimi niliyekulia katika moshi, nifundishwe kuwasha moto? Nilitoka na ndoo, nikachukua kuni zilizokuwa karibu, zile za nje kando ya ua, nikazipangusa theluji. Niliwasha kwa magazeti na vipande vya boksi. Moto ulishika. Kisha, ili kuni zisiishe upesi, nikafunga tundu la hewa karibu lote, kama mama alivyofukia makaa kwa majivu ili yafike alfajiri.

Moto ukageuka moshi. Kioo kilipata weusi, na kila nilipofungua mlango nione kulikoni, wingu lilitoka likajaa sebule. Nilifungua dirisha, baridi ikaingia na moshi usitoke. Kisha nikasikia kifua cha mtoto. Wanaomlea mwenye pumu wanaijua sauti ile, kama filimbi iliyozibwa. Nilimpa dawa yake ya kuvuta, mara ya kwanza, mara ya pili. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilimpigia mama yake, na sikumbuki nilisema nini ila najua nilikuwa nikilia.

Jirani aliona moshi ukitoka dirishani akafika kabla sijamwita. Alikuwa na viatu vya theluji juu ya nguo za kulalia. Alimbeba mtoto, akatuingiza garini mwake, akaendesha polepole katika barabara isiyoonekana. Alipokuwa akiendesha hakusema neno. Mimi nilisoma Ayatul Kursiy nikaishia katikati, nikaanza tena, nikaishia pale pale.

Mtoto alipewa oksijeni na dawa ya mvuke, na adhuhuri tulirudi naye nyumbani akiomba uji. Alhamdulillahi. Binti yangu hakunilaumu. Alinipikia chai, akaniwekea, akaketi mbele yangu katika nguo zake za kazi akiutazama mkono wangu uliokuwa na masizi. Ningependa angenilaumu.

Siku ya pili yule mzee alikuja, akaomba ruhusa anionyeshe jambo. Twatofautiana lugha, kwani Kiingereza changu ni cha darasani na chake ni cha msituni, lakini tulielewana. Alichukua kuni mbili kutoka kibandani akazigonganisha, zikalia kama vijiti vya kupigia upatu. Kisha akachukua mbili za nje, zile nilizozitumia, akazigonganisha: sauti ikafa papo hapo, kama kugonga mkate. Zile zilikuwa za mti wenye ganda jeupe kama karatasi, zimekatwa vuli iliyopita, zimejaa maji. Kuni, alisema, huchanjwa na kupangwa mwaka mzima kabla ya kuunguzwa, chini ya paa lakini upepo ukipita. Kuni mbichi hutumia moto wake kuchemsha maji yake yenyewe. Kinachosalia ni moshi, na moshi huo hupanda bombani ukaganda kama lami nyeusi, ambayo siku moja huwaka na kuteketeza nyumba. Akanionyesha kuni bora anazozipenda, za mti ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Akanieleza pia kwamba watu hukatazwa kusafirisha kuni mbali, kwa sababu ya mdudu mdogo wa rangi ya kijani atoboaye miti, aliyeonekana Vermont mwaka 2018. Huko hata ukuni una mipaka yake ya kuvuka.

Nikamwuliza juu ya kufunga hewa usiku. Alitikisa kichwa. Moto, alisema, uwe mdogo na mkali, hewa iwe wazi, kisha uachwe uzimike. Kuufunga ufukute mpaka asubuhi ndiko kunakotoa moshi mbaya kuliko wote. Mzee yule si Mwislamu, na sidhani amewahi kusikia kwamba Mtume (s.a.w.) ametukataza kuacha moto ukiwaka majumbani tunapolala. Mimi nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo tangu utotoni, na ndiye niliyeufukia moto nikamlaza mtoto karibu yake.

Ramadhani ilituingilia huko. Msikitini, wanawake wengi tuliofuturu nao ni Wasomali Wabantu waliofika kama wakimbizi, baadhi yao asili yao ni Wazigua wa Tanzania, na Wakongo ambao Kiswahili chao kilinifurahisha masikio. Jioni moja niliwasimulia kisa cha jiko. Niliwatarajia wacheke. Mama mmoja wa rika langu, aliyewahi kuishi miaka mingi katika kambi za Dadaab, aliweka tende yake chini. Alisema kule kambini walikwenda kutafuta kuni mbali, kila mwaka mbali zaidi kwa sababu miti ya karibu ilikuwa imekwisha, na kwamba wanawake walikwenda kwa makundi kwa sababu ya watu waliowavizia vichakani. "Wengine walirudi na kuni," alisema, "na wengine walirudi bila kuni, na hatukuwauliza." Kisha akaniuliza kuni za hapa zinapatikanaje. Nikamwambia huletwa na lori hadi mlangoni, kwa kipimo cha tita la futi 4 kwa 4 kwa 8. Alirudia kipimo hicho taratibu, kama mtu anayehesabu ni safari ngapi.

Tangu usiku ule maneno ya mama yangu, "Ni moshi tu," hayanitoki. Mimi niliuchukia moshi nikaona yatosha. Sikuwahi kumwuliza mama kuni hizo alizipata wapi, kwa bei gani, nani alimchanjia, na kwa nini dirisha la jiko halikufunguliwa zaidi. Rafu ile ya vyungu iliyoliziba ingeweza kuhamishwa na mtoto wa miaka kumi.

Nilirejea Mombasa baada ya Idi. Siku ya tatu nilivuka kivuko kwenda Likoni kumwona dada yangu mkubwa, ambaye hukaanga mahamri na viazi karai alfajiri, na biashara hiyo imesomesha wanawe wanne. Anapika kwa kuni. Nimemsema juu ya hilo kwa miaka ishirini, naye kila mara hunijibu jibu moja: mtungi wa gesi huisha kwa siku chache kwa moto wa karai, na umeme ukikatika alfajiri wateja hawasubiri. Safari hii sikumsema. Niliingia jikoni mwake, ambako zamani nilikuwa nikisimama mlangoni na mtandio puani, nikaketi juu ya kibao cha mbuzi nikamtazama anavyofanya kazi. Alinikodolea macho. "Una nini leo? Wazungu wamekuroga?"

Nikamsimulia yote, na ya mtoto pia. Alinyamaza muda mrefu akigeuza mahamri. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia: kwamba naye asubuhi hukohoa, na anajikaza nisisikie ninapolala kwake, kwa kuwa najua kusema sana.

Tulikubaliana mambo machache. Mahamri yabaki kwenye kuni kwa sasa. Chai, maharagwe ya chakula cha nyumbani na maji ya kuoga yaende kwenye jiko la umeme ambalo nitamnunulia mimi. Mwanawe wa mwisho, ambaye ni fundi mwashi, alikuja Jumamosi akatoboa ukuta wa juu wa jiko matundu mapana mawili, moja upande wa kusi na moja upande wa kaskazi, na sasa anatafuta bati la kutengenezea dohani. Kazi hiyo ilichukua saa tatu. Dada alilalamika muda wote kuhusu vumbi.

Mchana muuza kuni alipita na mkokoteni wake. Dada alimsimamisha, akachagua mbili, akaniita nitoke nje. Alizigonganisha karibu na sikio lake, mara moja, mara mbili, uso umekunjana kama anayesikiliza simu ya mbali. Muuza kuni alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Hizi zina maji," dada akamwambia. "Nitachukua, lakini kwa bei ya maji." Na akamwonyesha mahali pa kuzipanga, kwenye jua, ukutani, mbali na zile za kesho.